Mhariri, yule mama wa Houston alikuwa na kazi kama yako

Ndugu Mhariri,

Za kazi, na poleni na majukumu. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila sio wa kununua kila siku, nisikudanganye, hili la juzi nimelipata limefungia maandazi kwa mama wa jirani, ukurasa wa michezo umelowa mafuta mpaka picha ya kipa inaonekana upande wa pili, lakini ile safu ya kijana wako wa Jumatatu nimeisoma yote, nikairudia, chai ikapoa.

Kijana anasema wanawake wanaolalamikia zawadi ndogo michezoni wajaze viwanja kwanza alafu hela zitakuja zenyewe. Mfano aliotoa ni tenisi. Eti dada zetu wa tenisi walikaa kwa adabu wakasubiri zamu yao, Billie Jean King akamchapa yule mzee Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa wanaume, mwaka 1973 dunia nzima ikiangalia, watu wakawapenda, Wimbledon ikawapa hela sawa na wanaume, mambo yakaisha. Sina ugomvi na huyu kijana, anaandika vizuri na Kiswahili chake kinateleza, ila hadithi kaidakia katikati, tena pale penye taa na kamera. Mwanzo wake kauruka wote, na huo mwanzo ndo unaomjibu.

Niseme ukweli mapema, tenisi sijawahi kucheza hata siku moja. Marehemu baba alikuwa anakata nyasi na kumwagilia kwenye klabu moja yenye viwanja vya tenisi, jioni anarudi na mipira iliyochoka mfukoni, ile iliyonyonyoka manyoya, sisi watoto wa kike tunaigombania ya kuchezea rede maana mpira wa soksi ukilowa ukikupata mgongoni unaweza ukalia. Baba ndo wa kwanza kunitajia Billie Jean, alilisikia hilo jina kwa wanachama wakibishana, na kwa miaka mingi nilijua ni mwanaume. Siku hizi nafundisha timu ya netiboli ya mtaani, tenisi naifuatilia kwenye simu ya mpwa wangu bando likiwepo, na hadithi za zamani nimezisoma sana kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Sasa twende.

Mpaka mwaka 1968 mashindano makubwa ya tenisi, Wimbledon na wenzake, yalikuwa ya ridhaa tu, mchezaji anayelipwa haruhusiwi kuingia. Kwa mdomo ni ridhaa, chini ya meza bahasha zinatembea, kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui, na bahasha nene ni za wanaume. Mwaka huo wakafungua mlango, wa kulipwa na wa ridhaa wakacheza pamoja, hela ikaanza kutolewa mchana kweupe. Ukishaiweka hela mchana kweupe watu wataihesabu. Wimbledon ya 1968 Rod Laver bingwa wa wanaume kapewa pauni 2,000, Billie Jean King bingwa wa wanawake kapewa pauni 750, na ilikuwa mara yake ya tatu mfululizo kulichukua taji hilo. Mwaka 1970 kule Roma Ilie Nastase bingwa wa wanaume kaondoka na dola 3,500, King bingwa wa wanawake kaondoka na dola 600. Mashindano yaleyale, mji uleule, udongo uleule wa uwanja.

Alafu Septemba 1970, mashindano ya wazi ya Marekani pale Forest Hills, New York, Margaret Court wa Australia anachukua taji na kukamilisha yote manne makubwa ndani ya mwaka mmoja, kitu ambacho wanawake waliokiweza katika historia nzima wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kapewa dola 7,500. Ken Rosewall bingwa wa wanaume dola 20,000. Hapo namuuliza kijana wako, huyo Court alikuwa hajajaza nini?

Lakini kilichomwaga mboga kilitokea wiki hizohizo. Los Angeles kulikuwa na mashindano yanaitwa Pacific Southwest, mkuu wake Jack Kramer, bingwa wa zamani wa Wimbledon, mtu mkubwa sana kwenye biashara ya tenisi. Zawadi zikatangazwa. Bingwa wa wanaume dola 12,500, bingwa wa wanawake dola 1,500. Na mwanamke asipofika robo fainali hapati kitu, nauli yake na hoteli yake ni juu yake. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya mara nane. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa uchungu maana nimewahi kupeleka timu kwenye bonanza moja, mfadhili simtaji, wavulana wa mpira wa miguu walishindania ng'ombe na wasichana wangu wa netiboli wakashindania katoni ya sabuni za mche. Tulishinda. Tukagawana mche mmojammoja na mwingine ukakatwa vipande kwa wa akiba. Kwaiyo hesabu ya mara nane naielewa bila kalamu, kwanza kwetu ilizidi.

Nimkumbushe kijana wako pia kwamba hoja ya Kramer ilikuwa ni hiyohiyo ya kwake, miaka zaidi ya hamsini kabla yake. Kwamba watu wanakuja kuangalia wanaume, wanawake hawauzi tiketi. Nayo haikuwa hoja ya kijinga kabisa, waandaaji wengi waliiamini na wengine walishaanza kuweka mashindano ya wanaume watupu, yani dada hawa walikuwa wanapunjwa huku na mashindano yenyewe yanapungua. Hapo ndipo penyewe. Atajazaje uwanja mtu ambaye ratiba yenyewe haimo?

King na rafiki yake Rosie Casals na wenzao wakakaa wakaongea, wengine wanataka kugomea Los Angeles moja kwa moja. Wakaenda kwa Gladys Heldman. Mhariri, hapa naomba usome taratibu maana huyu ndo sababu nimekuandikia wewe na sikumwandikia kijana.

Gladys Heldman hakuwa bingwa wa kitu. Alisoma historia ya Ulaya ya zamani chuo kikuu, akaolewa na Julius Heldman aliyewahi kuwa bingwa wa vijana wa Marekani, raketi yenyewe kaishika baada ya kuzaa watoto wawili. Mwaka 1953 akaanzisha jarida la tenisi, World Tennis, yeye mhariri, yeye mtafuta matangazo, yeye kila kitu, kama duka la mangi ambalo anayeuza ndo anayepanga na ndo anayefagia. Jarida likakua mpaka likawa ndo kila mtu wa tenisi analisoma, kwaiyo simu yake ilikuwa na namba za kila mtu, wachezaji, viongozi, matajiri wenye viwanja nyuma ya nyumba. Binti yake Julie naye alikuwa mchezaji wa juu. Kwa kifupi aliwasikia wachezaji kwa masikio mawili, la mhariri na la mama.

Kwanza alimwendea Kramer amwombe aongeze zawadi. Kramer akakataa. Basi mama akaenda Houston, Texas, akaongea na watu wa tenisi wa pale, wakakubali kuwaandalia wanawake mashindano yao wenyewe kwenye Houston Racquet Club, wiki ileile ya Los Angeles, mchezaji asiyetaka kupunjwa kule awe na pa kwenda. Dola 5,000 zikapatikana mjini hapohapo. Akampigia simu rafiki yake Joseph Cullman, bosi wa kampuni ya sigara ya Philip Morris na mpenzi mkubwa wa tenisi, akaongeza 2,500, ikawa 7,500, na mashindano yakabeba jina la sigara yao mpya ya wanawake, Virginia Slims. Dola elfu saba na mia tano kwa wote. Bingwa mmoja wa kiume Los Angeles alikuwa anachukua 12,500 peke yake. Udogo wa hii kitu usiusahau, tunaongelea siku nne kwenye klabu ya watu, kuanzia Jumatano tarehe 23 Septemba 1970 mpaka Jumamosi, wachezaji wa kuhesabika.

Chama cha tenisi cha Marekani kikaja juu. Hatuyatambui haya mashindano, atakayecheza anafungiwa. Na kufungiwa enzi zile ilikuwa ni kufutwa kwenye orodha ya viwango, kutoitwa timu ya taifa, na hata milango ya mashindano makubwa inaweza kukufungia. Mtu una miaka ishirini na moja, ishirini na mbili, umeanza kucheza ukiwa mtoto, huna kazi nyingine, unaambiwa ukiingia hapo uwanjani ndo basi. Mimi najiuliza ningekuwa mimi ningesaini au ningejifanya naumwa tumbo.

Waliosaini ni tisa. Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey, Julie Heldman, Valerie Ziegenfuss, Peaches Bartkowicz na Kristy Pigeon wa Marekani, na Waaustralia wawili Judy Dalton na Kerry Melville. Nayaandika yote maana kwenye makala ya kijana wako lilikuwepo moja tu. Ujanja alioutumia Gladys ni huu, ili klabu isiadhibiwe kwa kukaribisha wachezaji wa chama bila kibali, kila mmoja akasaini naye mkataba wa kuwa mchezaji wake wa kulipwa kwa dola moja. Moja. Kwa bei ya leo mtaani kwetu ni sahani ya chipsi mayai, na kachumbari uombe. Ipo picha maarufu wameinua noti zao za dola juu, na watu wengi wakihesabu kwenye picha wanaona tisa wanasema hao ndo tisa wenyewe, kumbe mmoja wa hao tisa wa pichani ni Gladys. Binti yake Julie hakuwepo kwenye picha. Alikuwa na kiwiko kibovu, kucheza mashindano hawezi, lakini wenzake wakishafungiwa hakutaka abaki salama peke yake, akasaini naye kisha akaingia uwanjani na King wakacheza pointi moja tu, ili na yeye ahesabike amecheza na adhabu imkute. Pointi moja! Hiyo habari naipenda kuliko fainali yenyewe. Nimewasimulia wasichana wangu wa netiboli, mmoja akauliza nani alishinda hiyo pointi, nikamwambia mwanangu kaa chini.

Na wale Waaustralia wawili wasisahaulike, maana wao walikuwa na vyama viwili vya kuogopa, cha Marekani na cha kwao, na kwao ni mbali kurudi ukiwa umefungiwa.

Fainali ilikuwa Casals na Judy Dalton, Casals akashinda 5-7, 6-1, 7-5. Huyu Rosie Casals umbo lake dogo, futi tano na inchi mbili hivi, wazazi wake asili yao El Salvador, kalelewa na ndugu wa ukoo San Francisco na tenisi kajifunzia kwenye viwanja vya umma vya Golden Gate Park ambako mtu yeyote anaingia, wakati ule mchezo ulikuwa wa watu wa klabu na nguo nyeupe. Zawadi yake dola 1,600. Yani mashindano ya uasi ya klabu moja, siku nne, bingwa wake kapata dola mia zaidi ya bingwa ambaye Los Angeles ingemlipa. Mia tu, lakini imezidi, na hakuna aliyengojea viwanja vijae kwanza.

Sasa niseme la sigara maana najua msomaji mwingine ameshaanza kukunja uso, na mimi mwenyewe nakunja. Baba yangu mdogo amekufa na kifua, sigara ameiacha wiki ya mwisho. Wanamichezo wa kike kuzunguka nchi nzima wakiwa wamebeba jina la sigara iliyotengenezwa mahsusi kuwavutia wanawake wavute, hiyo mimi siipambi. Tena ukiangalia sababu yenyewe huko ndani ni ya kibiashara tupu. Aprili 1970 Rais Nixon alisaini sheria ya kupiga marufuku matangazo ya sigara kwenye televisheni na redio Marekani, ikaanza kufanya kazi tarehe 2 Januari 1971, kwaiyo kampuni za sigara zilikuwa na mahela ya matangazo hayana pa kwenda, na hapo hapo wanawake tisa wana mchezo hauna mdhamini. Kiatu kikapata mguu. Tangazo lao lilikuwa linamwambia mwanamke ametoka mbali, alafu linamwita mtoto papo hapo. Wachezaji walilijua hilo, kuna waliolifikiria sana. Lakini kampuni za sabuni, za magari, za viatu, wote waliokuwa na hela safi, hawakuja. Nawaza hivi, mtu akikuta maji ya kunywa yamo kwenye ndoo ya mwenzake mwenye dhambi, na kisima cha watu wema kimefungwa kufuli, we ungemwambia nini?

Januari 1971 mzunguko mzima ukaanza, mji baada ya mji, wa kwanza San Francisco, fainali King akamfunga Casals. Na hapa ndo kijana wako akae vizuri kwenye kiti. Viwanja havikujaa vyenyewe. Wale mabingwa wa dunia walikuwa wanaamka alfajiri kwenda redio ya mji kuongea, wanarudi wanafundisha watoto na wake za wadhamini, wanasimama barabarani kugawa tiketi kwa watu wasiowajua, wengi wao wanalala majumbani kwa wenyeji kupunguza gharama, usiku ndo wanacheza, asubuhi safari ya mji unaofuata. Fundi wa nguo Ted Tinling, Mwingereza mrefu mwenye kipara, akaanza kuwashonea magauni ya rangi maana kule kwa wakubwa ni nyeupe tu. Walikuwa wanauza mchezo kama mama ntilie anavyouza ubwabwa, unapika, unaita wateja, unaosha na sahani. Kwaiyo kujaza uwanja na kulipwa havikupangwa foleni, kimoja mbele kingine nyuma. Ilibidi hela ya kuanzia iwepo, jina la mashindano liwepo, tarehe ziwepo, ndo mtu apate kitu cha kumwambia yule wa barabarani, njoo Ijumaa saa moja usiku.

Mwisho wa 1971 Billie Jean King alikuwa amepita dola 100,000 kwa msimu mmoja, mwanamichezo wa kwanza wa kike kufika huko, Rais Nixon akapiga simu kumpongeza. Ni huyohuyo Nixon wa sheria ya sigara, dunia ndogo. Lakini mwaka huohuo Laver alipata dola 292,717, kwaiyo pongezi za simu tuzipokee huku tunahesabu.

Kwa wanaosema zile ni bahati za Wazungu, ngoja niwaletee Althea Gibson, Mmarekani mweusi, aliyechukua Wimbledon 1957 na 1958 na Marekani miaka hiyohiyo miwili. Huyo aliishi kabla ya mlango kufunguliwa. Bingwa wa dunia mara mbili hana kipato, akaishia kuzunguka na timu ya basketi ya maonyesho, Harlem Globetrotters, anacheza tenisi uwanjani kabla basketi haijaanza, watu wamejaa kweli, wamejaa kuwasubiri wanaume wa basketi. Uwanja ulijaa Mhariri. Akaja akageukia gofu akiwa na thelathini na kitu. Na hata kwenye wale tisa wa Houston hakukuwa na mweusi hata mmoja, hilo nalo liandikwe.

Sasa la 1973 alilolipenda kijana. Mwaka 1972 King alishinda mashindano ya wazi ya Marekani akapewa dola 10,000, Nastase mwanaume akapewa 25,000. King akasema wazi wanawake hawatarudi mwaka unaofuata kama zawadi si sawa, lakini hakuishia kwenye kununa, wakatafuta mdhamini wa kuziba pengo, na aliyeliziba ni kampuni ya dawa ya kunyunyiza kwapani, ndo hivyo, historia ina harufu zake. Mwaka 1973 bingwa wa kike na wa kiume wakapewa 25,000 kila mmoja, mashindano makubwa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Uamuzi huo ulitangazwa kabla ya mechi ya King na Riggs. Mechi ya Riggs ilichezwa tarehe 20 Septemba 1973, tena Houston kwa mara nyingine, ndani ya Astrodome, watu 30,472, King akashinda 6-4, 6-3, 6-3, na hela sawa za Marekani zilikuwa zimeshatoka siku kadhaa nyuma. Juni ya mwaka huohuo wanawake walishaunda chama chao, WTA, kwenye hoteli moja London kabla ya Wimbledon, King akamwambia Betty Stöve, Mholanzi mrefu mwenye nguvu, asimame mlangoni mtu asitoke mpaka wakubaliane. Kwaiyo mzee Riggs kakuta nyumba imeshaezekwa, yeye kaja kwenye sherehe ya kuhamia.

Na unajua nani alikuwa mwanamke wa kwanza kupokea hizo 25,000 sawa? Margaret Court. Hakuwepo Houston, hakusaini dola moja, hakuwa na habari na mambo ya harakati. Sisemi kwa ubaya, mechi kashinda kwa raketi yake. Nasema tu ndo ilivyokuwa, mvua ukiiomba hainyeshi kwako peke yako.

Wimbledon aliyoisifia kijana ilisawazisha mwaka 2007. Elfu mbili na saba! Miaka thelathini na nne baada ya Marekani. Anayeiita hiyo kupewa kwa kusubiri kwa adabu anisaidie kuhesabu. Na 2022 binti yetu Angella Okutoyi wa Kenya alipochukua dabo ya wasichana, ile ya wawili kwa wawili, hapohapo Wimbledon, Mkenya wa kwanza kushinda taji la mashindano makubwa, nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni, alafu nikatafuta habari yake kwenye magazeti ya kesho yake ya huku kwetu nikaikuta ndogo kama tangazo la shamba linauzwa.

Hapo ndo narudi kwako. Gladys Heldman yaliyomkuta baadaye wengi hawayasemi. Jarida akaliuza mwaka 1972. Mwaka 1973 vita ya mahakamani kati yake na chama cha Marekani ikamalizwa kwa suluhu, mzunguko wa wanawake ukaungana na wa chama, amani ikapatikana, na kwenye amani hiyo yeye akawekwa pembeni. Aliyewapa dola moja hakuwepo jikoni chakula kilipoiva. Mwaka 1979 wakamwingiza kwenye Jumba la Heshima la tenisi, wale tisa wakaingizwa kwa pamoja 2021, yeye alikuwa ameshafariki tangu 2003. Lakini nguvu yake yote ile, ya kumpigia tajiri simu ikapokelewa, ya kukifanya chama cha taifa kitetemeke, aliitoa kwenye meza kama hiyo unayokalia. Miaka kumi na saba kabla ya Houston alikuwa anachapa matokeo ya mechi za wanawake, majina yao yote na seti zote, mwezi baada ya mwezi, hata mechi ambayo waliokuja kuiangalia ni mama wa mchezaji na mbwa. Siku alipohitaji kuwaambia watu kuna wanawake tisa wanacheza Houston, wasomaji walikuwa wanawajua tayari.

Kwaiyo kijana wako akiniambia wasichana wangu wajaze uwanja, namuuliza watu watajuaje kuna mechi. Mwaka jana ligi yetu ya netiboli ya mtaa ilikuwa na timu kadhaa, tumecheza miezi mitatu, nimeleta matokeo kwa mkono kila wiki kwenye ofisi ya gazeti moja, sio lenu, na sitalitaja, yule dada wa mapokezi akawa ananionea huruma ananipa maji ya kunywa, lakini hakuna hata mstari mmoja uliotoka. Wiki hizohizo mechi ya kirafiki ya veterani, wazee wenye vitambi, kumi kwa kumi, ikapata picha ya rangi.

Siombi ukurasa wala safu. Naomba mistari mitatu Jumatatu, majina ya timu, magoli, na jina la mfungaji bora yaandikwe sawasawa maana mabinti wanayakata na kubandika ukutani. Fainali yetu ni Jumamosi ya wiki ijayo saa kumi jioni kiwanja cha shule ya msingi, kiingilio hakuna, mshindi mwaka huu atapata mbuzi, tumemchangia wenyewe kina mama wa kikoba. Mtume huyo kijana wa safu, aje na mpiga picha kama yupo, kama hayupo simu inatosha. Chai na maandazi yapo, na gazeti nitanunua jipya siku hiyo, la kusoma.

Wako katika michezo,
Mama Zawadi, Morogoro
(Zawadi ni mwanangu wa kwanza, anacheza kati, jina hilo alipewa na marehemu baba na halihusiani na barua hii.)